Maswali Yenu: Anafuatisha nukta vizuri, karatasi tupu inamshinda

SWALI: Binti yangu ana miaka 4 na nusu. Kila jioni namprintia karatasi za herufi za nukta nukta, tatu hadi nne, na anafuatisha vizuri tu hata mstari hautoki nje. Sasa nikimpa karatasi tupu nikamwambia haya andika a, ananiangalia, au anachora duara alafu anakibandika kijiti popote pale. Mwalimu wake anasema nizidishe mazoezi. Nizidishe mpaka lini jamani?
Mama Karatasi

JIBU: Mama Karatasi usizidishe, punguza. Najua mwalimu kasema lakini ngoja nikueleze. Mtoto akifuatisha nukta, macho yake yanatafuta nukta inayofuata, basi, hahitaji kujua a inaanzia wapi wala inageukia wapi, ni kama mgeni anayemfuata mwenyeji njiani, mnafika salama lakini kesho mwambie aende peke yake uone. Mwaka 2012 kule Marekani, Karin James na Laura Engelhardt wa Chuo Kikuu cha Indiana walichukua watoto 15 wa kama miaka 5 ambao bado hawajui kusoma, wakawapa herufi nyingine waziandike wenyewe kwa mkono, nyingine wafuatishe, nyingine wazibofye kwenye kibodi, alafu wakawapiga picha za ubongo huku wanaziangalia. Zile walizoandika wenyewe ndo zilizoamsha sehemu za ubongo zinazotumika kusoma, kuliko za kufuatisha na za kubofya. Watoto 15 ni wachache, sawa, lakini mtu yeyote aliyekaa na mtoto mezani atakuambia kitu hichohicho.

Sisemi nukta hazina kazi. Zinaufundisha mkono kwenda taratibu, kukata kona, kusimama pale inapotakiwa. Ila kaa pembeni yake kwa karatasi moja tu, usiangalie kama mstari umetoka nje, angalia penseli inaanzia wapi. Nakuhakikishia utashangaa. Wengi a wanaianzia chini, au wanaichora vipande viwili ndo maana kijiti kinahama, na karatasi ikiisha inaonekana safi kabisa wakati alichojifunza ni njia ya kombo. Weka alama ya kijani pale inapoanzia, juu upande wa kulia, aende kushoto kama anaandika c, azunguke chini, apande mpaka alipoanzia, ashuke, penseli isinyanyuke. Akiushika huo mwendo anakuwa amepata c, o, a, d na g kwa mpigo maana zote ni ndugu. Kwa hiyo usifuate mpangilio wa alfabeti, anza na l, i, t, njoo kwenye hao ndugu, na za kulala upande kama k, v, w, z ziache mwisho, mstari wa mshazari ni mgumu kwa mtoto, wengi duara wanaliweza kwenye miaka 3, msalaba 4, pembetatu mpaka karibu 5.

Na kwenye herufi moja fanya hivi: kwanza kidole, aipitie hiyo herufi kwa kidole huku anaitaja, kwenye mchanga au unga uliotandazwa kwenye sinia (Maria Montessori, yule daktari wa Italia aliyebuni mfumo wa shule za Montessori, alipofungua shule yake Roma mwaka 1907 watoto walikuwa wanapapasa herufi za msasa kabla ya kuandika, sio jambo jipya hili). Alafu mbili za nukta, moja yenye alama ya kuanzia tu, na ya mwisho patupu. Ikitoka mbaya iache. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, akisema mkono umechoka muamini, kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8 na kwa umri wake mingine bado ni gegedu haijawa mfupa kamili, sio uvivu. Mimi nilishawahi kuprinti rundo la karatasi, mwanangu akazigeuza nyuma akajaza magari, nikagomba kweli, kumbe yale matairi yalikuwa yanamfundisha o kuliko ukurasa wangu.

SWALI: Kijana wangu wa miaka 5 anatumia kushoto. Bibi yake anataka tumbadilishe. Akifuatisha herufi mkono unafunika mfano na anaupinda kama ndoana.
Baba wa Mashoto

JIBU: Kaka, bibi tumpe shikamoo yake lakini mtoto asibadilishwe. Shida haiko kwenye mkono, iko kwenye karatasi, nyingi mfano wa herufi umewekwa mwanzo wa mstari kushoto, kwa hiyo mkono wake unaufunika akianza tu. Uandike mfano kulia au juu ya mstari. Karatasi iwe kushoto kwake kidogo, sehemu ya juu iinamie kulia, na penseli aishike juu kidogo aione ncha, hapo hana sababu ya kupinda mkono. Mkasi mtafutie wa mashoto. Na akikata t kutoka kulia kwenda kushoto muache, kwake ndo rahisi.

SWALI: Wangu ana miaka 3, penseli anaishika kwa ngumi. Ninunue kile kimpira cha kuvalisha penseli?

JIBU: Dada hapana, bado mdogo. Vunja krayoni ibaki kipande kama ncha ya kidole gumba chako, kipande hicho hakishikiki kwa ngumi, vidole vitajipanga vyenyewe. Bandika karatasi ukutani achore amesimama, inasaidia kifundo na bega. Mengine ni kazi za kawaida tu, akande unga, achane karatasi, abane vibanio vya nguo, atunge shanga ukiwa unamwangalia asizitie mdomoni. Akifika 5 na kuendelea bado ni ngumi, vifungo vya shati vinamshinda na anakwepa kuchora, hapo mpeleke kwa mtaalamu wa tiba kazi, yule anayewasaidia watoto kwenye shughuli za mikono za kila siku.

SWALI: Programu ya kufuatisha herufi kwenye tableti inatosha?

JIBU: Haitoshi. Kidole kwenye kioo kinateleza tu, hakishiki kitu wala hakijifunzi kukandamiza kiasi gani, na nyingi zinampigia makofi hata akianzia mahali sipo. Acheze akipenda, akimaliza mpe chaki aiandike hiyohiyo sakafuni.