Maabara mbili, namba mbili za fosforasi, niamini ipi?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Nilichanganya udongo wa shamba langu kwenye ndoo moja, nikagawa mifuko miwili nikapeleka maabara mbili tofauti. Moja inasema fosforasi ni 9, nyingine 24! Hapo nani ananidanganya? Na mahindi machanga yashaanza majani ya zambarau.

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Kabla hujaenda kugombana na watu, chukua karatasi zote mbili uangalie pembeni ya fosforasi, utakuta limeandikwa jina la njia waliyopimia, Olsen, Bray au Mehlich 3, basi hapo ndo penye jibu. Fosforasi nyingi ya udongoni imeng'ang'aniwa na chuma na alumini kama udongo una asidi, au na kalsiamu kama una chokaa, mmea hauipati, kwa hiyo maabara wanatikisa udongo kidogo kwenye dawa wanapima kilichoachia. Olsen, njia ya mwaka 1954, inatumia baikaboneti ya pH 8.5 (yaani si asidi), hii ni pole. Mehlich 3 ya 1984 ni mchanganyiko wa asidi, inakwangua zaidi. Sasa 9 na 24 zote zinaweza kuwa kweli kabisa, kosa ni kusoma namba ya njia moja kwa jedwali (lile la kukuambia namba iko chini au juu) la njia nyingine (na wengi mnafanya hivyo, msikatae). Ila Bray kwenye udongo wa chokaa achana nayo, asidi yake inaishia kwenye chokaa, namba inatoka ndogo bure.

Kama hiyo 9 ni ya Olsen, kwa majedwali mengi iko chini. Lakini majani ya zambarau, ile dalili ya mmea kukosa fosforasi, yasikupeleke mbio dukani, fosforasi haitembei na maji kama naitreti (naitrojeni ya udongoni), inasogea milimita chache tu, mzizi ndo uifuate. Baridi au udongo ulioshindiliwa ukiuzuia mzizi, majani yanageuka hata kama fosforasi ipo. Ng'oa mche mmoja taratibu na udongo wake uone, mizizi ikiwa mifupi imejikunja hapo huenda tatizo ni udongo ulioshindiliwa, ikiwa imetawanyika vizuri basi huenda njaa ya fosforasi ni ya kweli, na msimu ujao mbolea iweke kwenye mstari karibu na mbegu, usitawanye.

Ukirudi kupima baki na maabara moja, na usichote kwenye mstari wa mbolea ya mwaka jana, utaletewa namba ya kukufurahisha tu.