Maswali na Majibu: Nishati, Hewa Ukaa na Maisha Yetu

Swali: Gesi ya mtungi hutokana na mafuta yanayochimbwa ardhini, ilhali miti ya mkaa huota tena. Kwa nini tunahimizwa kuuacha mkaa? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Hoja yako ingesimama kama kila mti uliokatwa ungefuatwa na mwingine ulioachwa ukakua, jambo ambalo kwa sehemu kubwa halifanyiki. Tena hasara huanza porini kabla gunia halijafika barabarani, kwa kuwa katika tanuri la udongo kilo moja ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni, na moshi unaofuka siku kadhaa hubeba methani, gesi inayopasha anga joto kwa nguvu kuliko hewa ukaa. Nyumbani nako, mama anayepuliza jiko ndani ya chumba kimoja, mtoto akiwa mgongoni, huvuta pamoja na mwanawe hewa yenye sumu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Ni kweli kwamba gesi nayo hutoa hewa ukaa, lakini familia inayohamia kwenye mtungi haina sababu ya kujilaumu.

Swali: Tunatoa hewa ukaa kidogo sana. Je, hiyo si sifa? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Sioni sifa hapo. Ukigawanya hewa ukaa ya makaa ya mawe, mafuta na gesi kwa idadi ya watu, Mtanzania hupata chini ya nusu tani kwa mwaka na Mmarekani takriban tani 14. Lakini uchache wetu kwa sehemu kubwa ni uhaba, ule wa mkunga anayezalisha kwa tochi ya simu. Uniti chache za kwanza za umeme huokoa maisha, ilhali nyongeza kwa aliyekwisha kushiba nishati humpa nafuu ndogo. Mfaransa, ambaye umeme wake mwingi ni wa nyuklia, huchafua chini ya nusu ya Mmarekani na kwa wastani huishi miaka mingi zaidi. Sisi wa Afrika Mashariki nasi tuna vyanzo vya umeme visivyochoma mafuta: jotoardhi (joto la chini ya ardhi) ya Olkaria, Kenya, na Bwawa la Julius Nyerere hapa Tanzania, lenye megawati 2,115.

Swali: Jenereta ya dukani kwangu inachafua kiasi gani? (Msomaji, Kigoma)

Jibu: Kila lita ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Kama mzigo wako ni taa na friji ndogo, ulizia bei ya sola yenye betri kabla ya kununua pipa jingine.