Boti ile si yangu

Tangu nitume ile picha ya mtoni, simu haijapumzika. Shangazi kauliza boti nyeupe nyuma yangu ni ya nani. Binamu kanipongeza eti nimetoboa. Mpwa wangu wa Bweni, ng'ambo ya mto wetu wa Pangani, ambaye hunikumbuka siku ya Idi tu, anataka nimwandikie barua ya mwaliko. Na kuna mmoja, simtaji, kasema mtoto wa Pangani akipata mto mwingine husahau wa kwao. Muda wa kumjibu kila mtu peke yake sina, kwa hiyo pokeeni hapa kwa pamoja.

Boti ile si yangu. Asubuhi ile nilikuwa nimemaliza kuiosha. Mkiitazama vizuri picha mtaona miguuni nina buti za mpira, na mtu mwenye boti yake haendi kupigwa picha na buti za mpira.

Mahali penyewe panaitwa Hamble, kusini mwa Uingereza, karibu na Southampton. Mto una jina hilohilo. Ni kijiji kweli, njia yake nyembamba inateremka mpaka majini, na kwa uzuri siwadanganyi, ni pazuri. Ng'ambo ni Warsash, na ukipanda na mto unafika Bursledon. Kati ya Hamble na Warsash kuna kivuko, tena mtacheka: ni kijiboti cha rangi ya waridi, na kibanda cha kungojea upande wa Warsash nacho kimepakwa waridi hivyohivyo. Siku ya kwanza nilipokiona nilikumbuka pantoni letu la Bweni, mbuzi na bodaboda na magunia. Hapa unavuka na wazee wawili, baiskeli moja na mbwa. Hakuna anayekuuliza unakwenda msibani kwa nani.

Watu wa mto huu walikuwa mafundi wa meli za vita. Pale Bursledon, mwaka 1786, fundi mmoja aitwaye George Parsons aliteremsha majini meli ya mizinga 74, wakaiita Elephant. Ndiyo aliyokuwamo Nelson, amiri wa Waingereza, mwaka 1801 wakipigana na Wadenmarki kule Copenhagen. Mkubwa wake alimpandishia bendera ya kumwamuru arudi nyuma, yeye akaweka darubini kwenye jicho lake bovu, akasema bendera haioni. Akajitia hamnazo, akaendelea kupigana, akashinda. Na kule Warsash ndiko walikotokea makomandoo wa Uingereza jioni ya tarehe 5 Juni 1944, wakilala njiani kuamkia Normandy, Ufaransa, kwenye Vita Kuu ya Pili. Kwa hiyo mnapoona mto umetulia vile na mabata yake, mjue umebeba mambo. Siku hizi umebeba boti za starehe, maelfu, zimepangwa kama dagaa waliotandazwa juani.

Sasa, kazi yangu. Mnamkumbuka marehemu baba alivyokuwa akinikalisha chini ya mashua nichanganye deheni ya kuipaka tumboni, mikono inanuka siku tatu, wenzangu wako mpirani? Nilikimbilia Tanga mjini nikauze simu ili nisiishike tena ile kazi. Basi nimepanda ndege nikaja kuikuta huku. Ikifika Oktoba boti zinanyanyuliwa na winchi, zinawekwa juu ya magogo, nami napita chini yake na mpira wa maji yenye nguvu, naondoa majani na magamba ya baharini, yale yanayokata vidole. Kisha nakwangua. Mwezi wa tatu na wa nne tunapaka rangi yenye sumu ili magamba yasishike tena. Ukiondoa kuni za kuyeyushia shahamu, yale mafuta ya mnyama ya deheni, na kelele za watoto, ni chelezo kilekile cha kutengenezea mashua.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba nyingi ya boti hizi haziendi popote. Mwenyewe anakuja Jumapili, anafunua turubai, anakunywa chai, anafunika, anaondoka. Kwa mwaka mzima ameitoa labda mara nne. Zikivuma pepo za baridi, kamba zinagonga milingoti ya alumini usiku kucha, utadhani watu mia wanakoroga sukari kwenye vikombe vya bati. Mlinzi anasema ameshazoea. Mimi bado.

Pesa. Najua ndilo swali, mmelizunguka tu. Kima cha chini kilichowekwa Aprili 2025 kilikuwa paundi 12.21 kwa saa, mimi napata zaidi kidogo. Msianze kuzidisha kwa shilingi! Zidisheni mkishatoa haya: fleti yetu ya vyumba viwili Southampton tunalipa paundi 1,150 kwa mwezi, kabla ya umeme, kabla ya kodi ya halmashauri, kabla ya treni. Hamble kwenyewe siishi, siwezi. Kile kijiji cha kwenye picha mimi nakiingia saa moja na nusu asubuhi na kukiacha saa kumi na moja jioni. Na Januari saa zinapungua. Mvua ikinyesha wiki nzima, kupaka haiwezekani, na usipofanya kazi hulipwi. Januari iliyopita nililipwa siku kumi na moja.

Anayetuweka mjini ni mke wangu. Hili sikuwahi kulisema wazi na najua litazungumzwa barazani, acha lizungumzwe. Yeye ni muuguzi, viza ni yake, mimi karatasi zangu zimeandikwa mtegemezi wa fulani. Neno lenyewe, mtegemezi, lilinikaa kooni mwaka mzima. Wale mnaopokea hela ya dawa ya mama kila mwezi mkasema kijana anajitahidi, mjue nusu yake ni zamu za usiku za mke wa huyo kijana. Mshukuruni yeye.

Upweke upo, ila si ule mnaoufikiria. Watu si wabaya. Wanakusalimu, wanakuuliza hali, na ukianza kuwajibu hali yenyewe unaona wameshapita. Kuna mama mmoja aliniuliza gatini, kwa upole sana, kama nimepotea. Nilikuwa nimevaa ovaroli yenye jina la karakana kifuani. Nikamwambia sijapotea. Nilipofika nyumbani nikalirudia lile swali peke yangu jikoni.

Mpwa wangu, wewe nakujibu kando kidogo. Barua ya mwaliko ni ya kuja kutembea, haikupi ruhusa ya kufanya kazi hata siku moja. Ile kazi ya kulea wazee uliyoisikia, mlango kwa wanaoomba wakiwa nje ya Uingereza ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Viza nyingine za kazi, mwajiri kwa kawaida anatakiwa akulipe si chini ya paundi 41,700 kwa mwaka, na hakuna atakayekulipa hizo kwa kukwangua boti. Kwa hiyo huyo bwana wa Dar anayetaka milioni nane akutafutie "nafasi", mwambie akuonyeshe jina la mwajiri, unitumie nilitafute mwenyewe kwenye orodha ya serikali. Akikataa, umeshapata jibu. Milioni nane unapata mashine ya boti na bado unabaki na chenji.

Na yule aliyesema nimesahau mto. Mwezi uliopita, siku ya bamvua, msimamizi wangu alinichukua juu ya Bursledon maji yalipokupwa kabisa. Pale matopeni imezama meli ya mfalme Henry wa Tano, Grace Dieu, ya mwaka 1418. Ilikuwa kubwa kupita kiasi, safari ya maana ilifanya moja tu, mabaharia wakagoma, wakaja kuiegesha huku, na 1439 ikapigwa radi ikaungua. Nilitegemea kuona meli. Tuliona vijiti vyeusi vichache vimechomoza topeni na ndege mmoja kasimama juu yake. Msimamizi akanieleza mbao zake ziligongwa tabaka tatu tatu, katikati wakatia lami. Nikamwambia kwetu mianya ya mbao tunaiziba kwa kalafati ya pamba, na chini tunapaka deheni. Akasimama. Deheni ndiyo nini? Nikamweleza chokaa, nikamweleza shahamu, akatoa simu aandike. Akauliza vipimo.

Sikuvijua. Miaka yote ile nimechanganya, baba ndiye aliyekuwa akipima kwa jicho.

Shangazi, wewe ndiye uliyekuwa ukimyeyushia mafuta. Chokaa ilikuwa vibaba vingapi?