Chapeo ya karatasi imekataa kuingia kichwani

Swali

Shikamoo fundi. Nimepakua faili za Pepakura, ile programu inayokunjua umbo la kompyuta liwe vipande vya karatasi vya kukata na kubandika, za deraya ya askari wa mchezo wa video: chapeo, kifua, mabega, vigasha vya mikono na miguu. Mhusika mwenyewe amechorwa akiwa na sentimita 210, mimi nina 182. Nikagawanya, nikapata 0.867, nikapunguza kila kipande kwa kiasi hicho. Chapeo imenila siku nne. Sasa inapita kichwani kwa kusukumwa, ndani masikio yanakwaruzwa, na kipande cha muundi kinagonga goti nikipiga hatua. Miguu nataka niirudie kwa foamu ya milimita 10. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu

Marahaba. Kugawanya umegawanya vizuri, ila umegawanya namba isiyohusika. Mtu akija kupimwa maleba kwangu, kimo chake ndicho ninachokiuliza mwisho, na mara nyingine sikiulizi kabisa.

Mashujaa wa michezo ya video hawachorwi kama sisi. Ukichukua urefu wa kichwa chako, utosi hadi kidevu, ukaupanga juu ya mwenzake mpaka ufike kimo chako, utapata vichwa saba au saba na nusu hivi. Shujaa huchorwa na vichwa vinane au zaidi, mabega mapana, miguu mirefu, ili aonekane mkubwa kwenye skrini. Ukimpunguza mpaka alingane nawe kimo, unabaki na mtu wa sentimita 182 mwenye kichwa kidogo kuliko chako na muundi mrefu kuliko wako. Ndicho kilichokupata, juu na chini.

Kwa hiyo kila kipande kipe skeli yake, yaani namba ya kuzidishia vipimo vyake, na skeli hiyo itoke mahali panapobana kuliko pengine pote. Kwenye chapeo ni masikioni, kwenye kigasha ni pale kiganja kinapopitia, kwenye muundi ni shavu la mguu.

Tuanze na chapeo. Chukua vitabu viwili vigumu, simama wima, mwenzako avibane taratibu kwenye masikio yako, kisha apime nafasi kati yake kwa rula. Tuseme ni milimita 180. Futi ya fundi cherehani haifai hapa kwa sababu inazunguka, na sisi tunataka upana. Ongeza sponji ya ndani milimita 10 kila upande, ongeza milimita 3 kila upande za resini, ile gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu, na kitambaa cha faiba, utakazopaka kwa ndani. Jumla 206. Sasa nenda kwenye modeli, yaani lile umbo la chapeo kwenye kompyuta, pima upana wake palepale masikioni. Tuseme ni 214. Gawanya 206 kwa 214, unapata 0.963. Hiyo ndiyo skeli ya chapeo yako. Kwa ile 0.867 yako, upana ulikuwa 185 na ushei. Ukiondoa milimita 6 za resini ambayo hujaipaka bado, inabaki 179, na masikio yako ni 180. Afadhali imekataa mapema, kabla hujanunua resini.

Angalia mtego mmoja. Urefu na upana unaoonyeshwa na programu ni wa ncha hadi ncha. Chapeo ikiwa na pembe au upanga wa juu kama wa jogoo, namba ya urefu inahesabu mpaka ncha ya pembe, na watu wengi hujipimia kwa namba hiyo wakaishia na chapeo ya mtoto. Fungua modeli kwenye Blender, programu ya bure ya kuchonga maumbo kwenye kompyuta, tumia kifaa chake cha kupimia kutoka ukuta hadi ukuta. Kumbuka pia kwamba modeli ya karatasi haina unene. Unachopima ni ngozi ya nje. Kila utakachobandika kwa ndani kinakula nafasi yako.

Tundu la shingoni ni habari nyingine. Chapeo nyingi za aina hii hujibana shingoni ili zipendeze, na kichwa kinapita hapo kwanza kabla ya kukaa popote. Usiikuze chapeo nzima kwa ajili ya tundu, utaonekana umebeba ndoo. Ijenge kwa ukubwa sahihi, ikikauka ikate wima nyuma ya masikio, nusu ya nyuma ishikwe kwa sumaku ndogo.

Kigasha muulize mama au dada yeyote anayenunua bangili. Kunja kidole gumba kiingie kiganjani, pima mzunguko pale panapojaa. Mkono wenyewe unaweza kuwa mwembamba, lakini kiganja ndicho kinachopita.

Muundi wako una hesabu nzuri kwa sababu unataka foamu. Foamu ya milimita 10, hii ya mikeka ya watoto, ukiikata kwa kufuata karatasi, kipimo cha karatasi kinabaki nje na unene wote unaingia ndani. Kwenye kitu cha mviringo mzunguko unapungua kwa unene mara mbili mara 3.14, yaani karibu milimita 63. Watu hudhani wamepoteza sentimita moja, kumbe wamepoteza sita. Shavu la mguu likiwa na mzunguko wa 380, ongeza 30 za suruali na kupumua, ongeza 63 za foamu: 473. Modeli ikiwa na 560 hapo, skeli ni 0.845. Sasa angalia urefu. Modeli ya 480 inakuwa 406, na wewe kutoka chini ya pia ya goti hadi juu ya kifundo, ukiacha nafasi ya kukunja, una 380 tu. Mzunguko umekubali, urefu umegoma.

Hapo una njia mbili. Kwenye Blender unaweza kufinya modeli kwa mhimili wa urefu peke yake, kisha uikunjue upya iwe vipande. Mimi kwa tofauti ya milimita 26 sihangaiki. Nakata upande wa kifundo kwa kisu, kiatu kinafunika. Wazo la kufinya hunijia tofauti ikizidi sehemu moja ya kumi, kwa sababu kila ukifinya, maduara yanakuwa mayai na mapambo yanapinda.

Kifua kipime umevuta pumzi na kuijaza, halafu kaa kwenye kiti upime tena kutoka kishimo cha koo hadi panapokunja kiuno. Niliwahi kumtengenezea mwigizaji kifua kilichomkaa vizuri ajabu akiwa amesimama. Onyesho la pili akatakiwa kuketi kwenye kiti cha enzi. Deraya ikapanda ikamfika puani, na mistari yote ya onyesho lile akaisemea ndani ya karatasi kama mtu aliye kisimani. Mabega yape skeli ileile ya kifua, la sivyo hayatapatana pale yanapokutana.

Kabla hujachapa chochote, shughulika na printa. Kwenye ukurasa wa kwanza chora mstari wa milimita 100, uchape, upime kwa rula. Ukikuta 97, mashine imebana ukurasa. Faili nyingi hupangwa kwa karatasi ya Kimarekani yenye upana wa milimita 216, na A4 yetu ina 210, basi kompyuta ya steshenari inapunguza kimyakimya ili picha ienee. Asilimia 3 tu kwenye chapeo yako ni milimita 6, na hizo ndizo za resini. Mwambie kijana wa steshenari achape kwa asilimia 100 kamili, na usimame hapohapo mpaka mstari utoke sawa. Ukishabadilisha skeli, pitia pia kurasa zote kwenye programu, maana vipande vikikua hutoka nje ya mpaka wa karatasi na inabidi uvipange upya. Chapeo yako inatoka 0.867 kwenda 0.963, kwa hiyo eneo la karatasi linaongezeka kwa karibu robo. Nunua manila za kutosha.

Halafu usichape zote. Chapa safu moja tu ya vipande, ile inayozunguka masikioni, ibandike iwe pete, ivae ukiwa na sponji ndani. Geuza kichwa kushoto na kulia, inama, piga miayo. Ni karatasi tatu au nne na nusu saa ya kazi. Pete ikisogea kwa urahisi na isizunguke yenyewe, chapa zilizobaki. Ikikubana, ongeza skeli kwa 0.02 uchape pete nyingine.

Ile chapeo ya siku nne usiitupe. Itumie kujifunza kupaka resini, nje penye hewa na barakoa ya kuzuia mvuke, maana mvuke wake ni mkali na barakoa ya kitambaa haiuzuii.