Shangazi, nishonee mikono mirefu

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Januari kwangu ni mwezi wa sare: mashati meupe, sketi za bluu, watoto waliorefuka likizoni na wazazi wanaotaka kila kitu kesho asubuhi. Miaka mitano iliyopita, katikati ya pilikapilika hizo, nilimwita binti wa kaka yangu nimpime shati lake. Alikuwa anaingia Kidato cha Pili. Alikuwa akiishi kwangu tangu wazazi wake walipoachana.

"Nishonee mikono mirefu, Shangazi."

Mikono mirefu, Januari, Tanga. Joto la mwezi ule hata feni hulalamika. Nikamwambia shule yao wanavaa mifupi. Akasema wapo wanaovaa mirefu. Nikaweka futikamba begani, nikaishusha, nilipokaribia kiwiko akauvuta mkono kama aliyeguswa na pasi. Nikaushika. Nikapandisha nguo.

Mtoto alikuwa akijiumiza mwenyewe. Sitaeleza nilichoona. Aliyekiona kwa mwanawe hahitaji kuhadithiwa, na ambaye hajakiona hakitamsaidia. Nitaeleza nilichofanya mimi.

Nilipiga kelele. "Nani kakuchanja?" Kichwani mwangu mlikuwa na chale za mganga, halafu Frimasoni, halafu simu na mitandao yake. Jioni dada zangu wawili walikuwa sebuleni na kikao kimeanza. Mkono wa yule mtoto ulizungushwa kama jora la kitambaa dukani, kila mtu akiugeuza na kutoa maoni. Mmoja akasema ni pepo, tutafute kisomo. Wa pili akasema anadeka, anatafuta kiki. Mimi nikamsomea "mficha maradhi kifo humuumbua", nikidhani nimesema jambo. Tukamalizia kwa kumwapisha, kiganja juu ya msahafu, kwamba harudii. Akaapa. Usiku ule nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka.

Alirudia kabla wiki mbili hazijaisha. Nilikuja kujua baada ya miezi mitatu. Miezi yote hiyo alikuwa amebeba alichokuwa nacho mwanzo, na juu yake tukamwongezea dhambi ya kuvunja kiapo na aibu ya kuangaliwa na shangazi watatu. Sisi ndio tuliomfundisha kujificha vizuri.

Aliyetunusuru ni mwalimu wake. Hakulipeleka paredi, hakumpa mwalimu wa nidhamu, hakuuliza mbele ya darasa. Alimwambia mtoto kwanza kwamba atanipigia mimi, kisha akanipigia. Sentensi yake moja bado ninayo: "Mama, naomba usimgombeze mpaka tuonane." Siku hiyo nilijua kumbe kuna njia nyingine ya kuanza.

Tulikwenda hospitali, kitengo cha afya ya akili. Nilikwenda kichwa chini, maana sisi tumekua tukitishana kwa jina la Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na Unguja wanatishana kwa yao ya Kidongo Chekundu. Nikategemea makufuli. Nikakuta chumba chenye meza, viti vitatu, kalenda ya mwaka uliopita na muuguzi wa makamo aliyeniomba nikae nje kwanza. Baadaye, kwa ruhusa ya mtoto, akaniita. Alikuwa amemuuliza swali ambalo sisi watu wazima watatu hatukulifikiria: "Kabla ya kufanya, unajisikiaje? Na ukishafanya?"

Hapo ndipo nilipojua. Baba na mama yake walikuwa wameacha kusemezana, kila mmoja akimtuma yeye. "Mwambie baba yako ada hajatuma." "Mwambie mama yako aache kunitangaza." Simu ile niliyomnunulia mimi asome ndiyo ilikuwa inamletea vita kitandani. Alisema kichwa hujaa mpaka akafa ganzi, akawa hasikii chochote. Akijiumiza anapata utulivu wa muda mfupi. Halafu inakuja aibu, aibu inajaza kichwa upya, na mzunguko unaanza tena. Hakuwa akitaka kufa. Alikuwa akitaka kichwani kunyamaze.

Yule muuguzi alitueleza kwamba kwa vijana wengi hii ndiyo kazi ya kujiumiza: kutuliza hisia zilizowazidi nguvu. Wengine hujiadhibu kwa sababu wanajichukia. Wengine wanaonyesha kwa mwili kile ambacho mdomo umeshindwa. Mara nyingi huanza kati ya miaka 12 na 14, na tafiti za nchi mbalimbali zikijumlishwa zinakuta kama vijana 17 katika kila 100 wamewahi kujiumiza angalau mara moja. Kwa hiyo lile neno letu la "mambo ya Kizungu" lina utani mbaya ndani yake, kwa sababu wanaoyafanya wamekaa kwenye dawati la pili kutoka dirishani.

Na si wasichana peke yao. Mvulana anayepiga ngumi ukuta mpaka vidole vinavimba, kisha anasema ameanguka mpirani, sisi tunamwita mkorofi. Hatumpeleki popote isipokuwa kwenye viboko.

Sasa niseme ninavyofanya siku hizi, maana mteja mmoja akisikia hadithi yangu humleta mwenzake, na nimeshakaa na akina mama kadhaa nyuma ya pazia la kupimia nguo.

Ukiona jeraha, shughulikia jeraha. Maji safi, sabuni, kitambaa safi. Likiwa la kina, au damu haikatiki, ni zahanati au hospitali mara moja. Fanya hivyo kwa sauti ileile unayotumia mtoto akijikwaa. Maneno hayahitaji kuwa mengi: "Nimeona. Pole. Sitakugombeza. Tuoshe kwanza." Kama mwili unakutetemeka, na utatetemeka, mwambie nimeshtuka kwa sababu nakupenda, kisha nenda ukalie chooni.

Usimwambie aache. Najua linaonekana jambo la ajabu kutoka kwa mtu mzima. Lakini mtoto huyu ameshika kitu kimoja kinachomvusha usiku, kibaya lakini kinamvusha, na wewe unakipokonya kabla hujampa kingine. Ataahidi ili uondoke. Kuacha kunakuja, ila kunakuja nyuma ya mambo mengine, na huwa na kurudi nyuma ndani yake. Wa kwangu alirudi nyuma mara nne ambazo nazijua. Mara ya tatu alikuja kuniambia mwenyewe, na nilifurahi kuliko siku aliyopata daraja la pili.

Muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Usizunguke. Tunaogopa kwamba tukilitaja tutampandikizia, na si kweli. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, mara nyingi humpunguzia mzigo. Kujiumiza na kutaka kujiua ni vitu viwili tofauti, ila anayejiumiza yuko kwenye hatari kubwa kuliko mwenzake, na jibu linaweza kubadilika mwezi hadi mwezi, kwa hiyo uliza tena siku nyingine. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, fungia dawa za kumeza na sumu za shamba, na mwende hospitali siku hiyohiyo. Hapo hata kazi ya bibi harusi isubiri.

Kuhusu siri. Usiahidi kutomwambia mtu yeyote, kwa sababu huenda ukalazimika. Ahidi kwamba hutamwambia mtu kabla ya kumwambia yeye kwanza ni nani na kwa nini. Kikao cha ukoo hakimo. Ninajua sisi ni watu wa vikao, na kwa ndoa na mirathi vina kazi yake, lakini mkono wa mtoto hauingii kwenye ajenda. Tulichagua watu watatu: mimi, mwalimu yule, na mama yake. Baba aliambiwa baadaye, siku binti alipokuwa tayari.

Nyumba yangu, kama mnavyojua nyumba ya fundi, imejaa vitu vyenye makali. Tulikubaliana, mimi na yeye mezani, kwamba vitakaa kwenye droo yenye ufunguo kazi ikiisha. Sikumpekua. Ukaguzi wa kila asubuhi wa "nionyeshe mkono" humgeuza mzazi kuwa askari, na askari haambiwi ukweli.

Kisomo tulisoma. Sitamkataza mtu dua, na binti mwenyewe aliipenda sauti ya bibi yake akimsomea. Ila tuliacha kuliita pepo. Ukimwambia mtoto ni pepo, umemwambia kwamba anayeumia si yeye. Na kliniki tuliendelea nayo kila baada ya wiki mbili. Wachungaji na masheikh wanaolijua hili huwaelekeza watu hospitali huku wakiendelea kuwaombea, nami nimemwona mmoja akifanya hivyo.

Jambo lililonichelewesha, nikiri, ni hofu ya polisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinataja kujaribu kujiua kuwa kosa, na mtaani watu hawatofautishi. (Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha 226, kilichohusu kosa hilohilo, kinakwenda kinyume cha Katiba. Natamani na sisi tulifikie hilo.) Sisi tulipofika tuliulizwa jina, umri, na kama analala vizuri. Basi. Usikubali hofu hiyo ikuweke nyumbani. Ukishindwa pa kuanzia, piga 116, ni namba ya simu ya mtoto, haina gharama, na Kenya na Uganda wanayo namba hiyohiyo. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Kuna mama mmoja wa Kimarekani ambaye habari yake nilisimuliwa pale kliniki, nami nikaishika. Marsha Linehan, mwanasaikolojia, ndiye aliyebuni tiba inayotumika sana kwa watu wanaojiumiza, tiba inayofundisha kuvuka saa mbaya bila kujidhuru. Mwaka 2011, akiwa ameshatambulika duniani, alisema hadharani kwamba yeye mwenyewe alipokuwa binti alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili, akijiumiza. Nilimsimulia binti hili tukiwa kwenye bajaji. Hakusema kitu mpaka tumefika Barabara ya Kumi na Mbili, kisha akauliza: "Na alama zake alizifanyaje?" Nikamwambia sijui. Nikamwambia zako ukitaka nikushonee mirefu nitakushonea, ukitaka mifupi nitakushonea, na mtu akikuuliza sokoni una haki ya kusema "ni ya zamani" ukaendelea kuchagua nyanya.

Hamu ya kujiumiza hupanda na hushuka. Haikai juu usiku kucha. Kazi ni kuuvuka ule mpando. Kliniki walimfundisha kunawa uso kwa maji ya baridi sana na kushusha pumzi ndefu, mapigo ya moyo yatulie. Mama yangu aliposikia alicheka: "Si ndiyo udhu huo? Mwenye hasira tulimwambia akatawadhe." Kutembea haraka pia kunasaidia. Lakini kilichomfaa zaidi wa kwangu hakikutoka kliniki.

Nina cherehani ya kukanyaga, ya zamani, niliyoachiwa na mama. Usiku mmoja, saa nne hivi, alikuja chumba cha kazi akasimama mlangoni, mikono nyuma. Nikaona uso. Sikuuliza. Nikamwambia, "Kaa, nijazie bobini." Bobini ni kile kigurudumu kidogo cha uzi cha cherehani. Akakaa, akakanyaga, uzi ukajaa, akachukua nyingine. Alijaza bobini zote za nyumba, na nyingine nilizifumua kwa siri nikamrudishia tupu. Saa tano na nusu akasema, "Imepita, Shangazi." Akaenda kulala.

Ikawa ndiyo lugha yetu. "Kuna bobini?" maana yake kichwa kimejaa, sitaki kuulizwa, nataka mtu awepo. Wageni wakiwa sebuleni wangeisikia wasielewe. Kila nyumba inaweza kuwa na neno lake. Muhimu mtoto alichague, na akilitamka mtu mzima aache anachofanya. Niliwahi kumwacha mteja na nusu ya kanzu mwilini.

Wazazi wake bado hawasemezani, ila tuliwaondolea yule tarishi wao. Nilichukua simu, nikawaambia wote wawili, kaka yangu na wifi yangu, kwamba kuanzia leo ujumbe wa ada na wa matusi unakuja kwangu. Kaka alikasirika mwezi mzima. Nilitakiwa kufanya hivyo kabla hata ya kutafuta pepo.

Sasa binti yuko chuo, Morogoro. Haya niliyoyaandika ameyasoma kwanza, akafuta sentensi mbili, akaniruhusu zilizobaki. Mwezi uliopita, Jumanne, usiku nikiwa namalizia suti ya mtu, simu ikalia ujumbe: "Bobini zipo?" Nikampigia. Hatukuongea lolote la maana. Nilimweleza bei ya mchele, akanieleza mwenzake wa chumbani anavyokoroma, mimi mguu kwenye kanyagio nikaiweka simu karibu na cherehani ili ausikie mlio wake. Tulikaa hivyo kama dakika arobaini.