Modemu imeunganika, kurasa hazifunguki

SWALI: Natumia Linux na modemu ya laini ya simu. pppd (programu inayounganisha modemu na mtandao) inapewa anwani ya IP, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Kulikoni?

JIBU: Andika ip route. Ukiona default (njia kuu ya kutokea kwenda intaneti) inapitia eth0 (kadi ya mtandao wa waya), mchawi ndiye huyo: chaguo la pppd la defaultroute, linaloweka njia kuu kupitia modemu, kwa kawaida haliondoi njia iliyokuwepo. Ukiwa root (msimamizi wa mfumo), ifute kwa ip route del default, kisha piga upya.

Ikiwa ping 8.8.8.8 (jaribio la kufikia seva ya Google kwa namba) inajibu ila majina ya tovuti yanagoma, ongeza usepeerdns kwenye /etc/ppp/options. Anwani za DNS (seva zinazogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP) huandikwa /etc/ppp/resolv.conf, wakati mwingine itabidi uzinakili mwenyewe kwenye /etc/resolv.conf.

Laini ikifa kimyakimya? Humo humo kwenye options, weka lcp-echo-interval 30 (ipime laini kila sekunde 30) na lcp-echo-failure 4 (ikate ikikosa majibu mara 4). Pppd itakata baada ya dakika 2 hivi, kabla bili haijavimba.