Ghorofa zinapopanda Sinza: maswali yenu na majibu

Wiki hii barua nyingi zimetoka Sinza, Kijitonyama na Mwenge, hapa Dar es Salaam, ambako nyumba za chini zinabomolewa kila mwezi. Nimejibu tano.

*Shikamoo mwandishi. Jirani anapandisha ghorofa nne, na ukuta wake uko hatua moja tu kutoka dirishani kwangu. Saa sita mchana tunawasha taa sebuleni. Sinza yetu si inakufa hivyo?* (Binti, Sinza Mori)

Marahaba, binti. Kinachoniuma katika barua yako ni ile hatua moja kuliko hizo ghorofa nne. Sinza ilipimwa miaka ya 1970, pamoja na Kijitonyama na Mikocheni, katika mradi wa viwanja na huduma uliopata mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja vilikatwa vidogo, vya kutosha nyumba ya chini na ua wake. Leo kiwanja kilekile kinabebeshwa familia nane au kumi. Watu wanaweza kuishi vizuri hata hivyo, lakini mjenzi asipoacha nafasi pembeni, mwanga na hewa anayowauzia wapangaji wake ameitoa kwako.

Michoro iliyopewa kibali lazima ionyeshe umbali wa jengo kutoka mpakani. Anzia serikali ya mtaa, kisha nenda Manispaa ya Ubungo, uombe mkaguzi aje alinganishe mchoro na ukuta. Nenda sasa, kabla zege la ghorofa ya pili halijamwagwa. Jengo likishapauliwa, hakuna anayetaka kulibomoa.

*Tumerithi kiwanja cha baba kando ya Shekilango. Fundi anashauri mbele yote iwe vioo vya bluu na aluminiam, ipendeze barabarani.* (Ndugu watatu)

Msikubali, nawaomba. Dar es Salaam ina joto na unyevu. Kioo kisicho na kivuli kikitazama magharibi, jua la saa kumi linaingia mpaka kitandani, na mpangaji atanunua luku ya kiyoyozi mwaka mzima. Madirisha makubwa yaelekezeni kaskazini na kusini, ambako kivuli kifupi cha zege juu ya dirisha kinatosha kuzuia jua. Kila chumba kikiweza kupata uwazi pande mbili, upepo wa kaskazi na wa kusi utapita wenyewe. Kwenye ngazi wekeni matofali yenye matundu.

Msanifu majengo Beda Amuli alipochora Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, alilifunika kwa miavuli mikubwa ya zege. Inatoa kivuli, inakusanya maji ya mvua, na chini yake hewa inatembea. Umati wa watu uliingia humo kila siku, na jengo likabaki zuri kwa sababu uzuri wake ulitokana na kazi yake. Fundi wenu ajenge. Kuchora mpeni msanifu majengo aliyesajiliwa.

*Naweza kununua ghorofa ya tatu peke yake, bila kiwanja kizima?* (Kijitonyama)

Ndiyo. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008 inakuruhusu kuwa na hati ya sehemu yako, huku ngazi, paa na ua vikiwa vya wote. Kabla ya kulipa, uliza nani atagharamia pampu ya maji na kunyonya shimo la majitaka.

*Nyumba ya zamani ikibomolewa, kodi inapanda. Sisi wapangaji ghorofa zinatusaidia nini?* (Chumba na sebule, Mwenge)

Sensa ya 2012 ilikuta mkoa wetu una watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Wote hao wanahitaji pa kulala, na tusipowajengea karibu na kazi na mabasi watasukumwa pembezoni, Chanika na Bunju, mshahara uishie kwenye nauli. Kwa hiyo ghorofa naziunga mkono kwa moyo wote.

Lakini hesabu kaya, usihesabu ghorofa. Nyumba ya chini yenye vyumba sita vya kupanga ikibomolewa, zikaja apartimenti nne kubwa, mtaa umerefuka na familia zimepungua. Hapo ndipo kodi yako inapopandia. Magomeni Kota, ambako nyumba za zamani nazo zilibomolewa, serikali ilianza na hesabu ya watu: familia 644 zilizokuwa zikiishi pale, na maghorofa yaliyozinduliwa 2022 yakajengwa kwa ajili yao. Manispaa inapompa mwenye kiwanja kibali cha kwenda juu, naona imdai sehemu ya vyumba iwe midogo, ya watu kama wewe.

*Majengo mapya chini ni geti na magari tu. Nakaa wapi jioni?* (Mzee, Sinza Kumekucha)

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli, na dawa yake ni rahisi: magari yawekwe nyuma, mbele ziwe fremu mbili za maduka na kibaraza kipana chenye kivuli. Muuza duka anawasha taa, anamjua kila mtoto anayepita. Na kama kuna mwarobaini mbele ya kiwanja, msanifu auchore kwenye ramani kabla hajachora nguzo ya kwanza.